Mshipa ulioziba, namba iliyokosewa: Kwa nini jina la ugonjwa liandikwe sawasawa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mikoa ya Mbeya na Iringa, mtu mzima anayelalamika kuwa miguu inamuuma kila apandapo mlima huambiwa moja kati ya mambo matatu: ni uzee, ni baridi au ni kazi nyingi za shamba. Mara nyingine maneno hayo ni ya kweli. Mara nyingine miguu hiyo ina njaa ya damu, kwa sababu mishipa inayoipelekea damu imeanza kuziba.

Ugonjwa huo ukifika hospitali hukutana na mtihani wa pili ambao wananchi wengi hawaujui. Baada ya daktari kuutambua, sharti uandikwe kwa jina lake kamili, kisha jina hilo ligeuzwe kuwa herufi na tarakimu. Herufi na tarakimu hizo ndizo zinazosafiri kutoka wodini hadi masjala ya hospitali, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na Wizara ya Afya. Zikikosewa, mgonjwa hubaki yuleyule, lakini katika hesabu za taifa anakuwa mtu mwingine mwenye ugonjwa mwingine.

Makala haya yanaeleza namba hizo ni nini, zinakosewa wapi, na kwa nini kosa la tarakimu moja linaweza kuwa na uzito wa mguu mzima.

Mishipa inazibaje?

Ateri ni mishipa inayotoa damu yenye hewa safi kutoka kwenye moyo na kuisambaza mwilini. Kwa miaka mingi, mafuta na lehemu hujishikiza kwenye kuta za mishipa hiyo, zikachanganyika na chembechembe nyingine na kufanya utando mgumu. Njia ya damu hupungua taratibu. Uvutaji wa sigara, kisukari, shinikizo la damu, lehemu nyingi na umri mkubwa huharakisha jambo hilo.

Zikiziba ateri za moyo, huja maumivu ya kifua na shambulio la moyo. Zikiziba zile za ubongo, huja kiharusi. Zikiziba za miguu, mgonjwa huumwa na misuli ya ndama kila anapotembea na kupata nafuu akisimama kidogo. Hali ikizidi, huumwa hata akiwa amelala, vidonda vya vidole hukataa kupona, na mwisho nyama huanza kuoza.

Kuna namna ya pili ya kuziba, nayo huja ghafla. Bonge la damu linaweza kung'oka kutoka katika moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio, au wenye vali zilizoharibika, likasafiri na kukwama katika ateri ya mguu. Mguu huwa baridi, mweupe, wenye maumivu makali na ganzi, na mapigo ya damu hayasikiki. Hapo saa zinahesabika: damu isiporejeshwa ndani ya takriban saa sita, misuli huanza kufa.

Namba hizo zilitoka wapi?

Wazo la kuipa kila maradhi namba si geni. Mwaka 1893, mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo katika mkutano wa watakwimu uliofanyika Chicago, Marekani. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliichukua kazi hiyo mwaka 1948, na toleo la 10, lijulikanalo kwa kifupi kama ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama kuanzia mwaka 1994. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022, ingawa kila nchi huhamia kwa kasi yake.

Katika ICD-10, magonjwa mengi ya moyo na mishipa ya damu yamewekwa chini ya herufi I, kuanzia I00 hadi I99. Tarakimu mbili za kwanza hutaja ugonjwa, na ile inayofuata nukta hutaja mahali au aina yake. Ateri kuwa ngumu na kujaa utando ni I70. Ukiwa katika mshipa mkuu utokao moyoni ni I70.0, katika ateri za figo ni I70.1, na katika ateri za mikono na miguu ni I70.2.

Kwa hiyo namba si jina la utani la ugonjwa. Ni sentensi fupi inayosema ni nini, kiko wapi na kimetokana na nini. Atakayeiandika hawezi kusema zaidi ya kile ambacho daktari ameandika katika faili.

Mguu mmoja, namba nne

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima wa Kilolo mwenye umri wa miaka 62, ambaye amekuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda mrefu. Mara ya kwanza anakwenda zahanati akilalamikia maumivu ya mguu, na hayo ndiyo yanayoandikwa. Kwa lugha ya ICD-10, maumivu ya kiungo ni M79.6. Miezi mitano baadaye ana kidonda kisichopona. Panaandikwa kidonda cha mguu, ambacho ni L97. Anapelekwa hospitali ya wilaya, sukari inakutwa ipo juu, na panaandikwa kisukari peke yake. Hiyo ni E11.9, namba inayomaanisha kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara yoyote. Hatimaye vidole vinaoza, na panaandikwa kuoza kwa nyama, R02.

Namba zote nne zina chembe ya ukweli. Hakuna hata moja inayosema kwamba ateri za mguu zilikuwa zinaziba tangu siku ya kwanza. Mgonjwa amekatwa mguu, na katika daftari zote hakuna mahali ugonjwa wa ateri ulipotajwa.

Lipi lilikuwa sahihi? ICD-10 yenyewe inatoa mwongozo. Kuoza kwa nyama hakupewi R02 iwapo kumetokana na kisukari au na utando wa ateri. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambaye madhara yamefika kwenye mzunguko wa damu wa miguu, namba ni E11.5, nayo inaweza kufuatana na I79.2 inayotaja mishipa iliyoathiriwa. Kwa asiye na kisukari, ambaye ateri zake za mguu zimejaa utando, ni I70.2. Kwa yule aliyezibwa ghafla na bonge la damu mguuni, ni I74.3. Bonge likiwa katika vena za ndani za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, namba inahamia I80.2, na tiba yake ni tofauti.

Ipo pia I73.9, inayobeba ugonjwa wa mishipa ya pembezoni ambao haukufafanuliwa zaidi, pamoja na maumivu ya mguu yajayo kwa kutembea. Namba hii si kosa, ila ni kapu. Hospitali ikiona kila mgonjwa wa mishipa anaishia humo, ijiulize kama tatizo ni ugonjwa usioeleweka au ni maelezo yasiyokamilika.

Namba moja, maana mbili

Kuna mtego mwingine uliokuja na intaneti. Mtumishi asiye na kitabu cha WHO mezani hutafuta namba katika simu yake, na mara nyingi majibu ya kwanza anayoyapata ni ya Marekani. Nchi hiyo inatumia toleo lake lililopanuliwa, lenye tarakimu nyingi zaidi zinazotaja hadi upande wa mguu. Si toleo la WHO.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari iliyopo. Katika kitabu cha WHO, tarakimu ya tano ya hiari chini ya I70 hutofautisha asiye na nyama iliyooza, 0, na aliye nayo, 1. Hivyo I70.21 ni mgonjwa ambaye ateri za mguu zimeziba na nyama imeoza. Katika toleo la Marekani, I70.21 ni mwanzo wa namba za mgonjwa ambaye mguu unamuuma anapotembea tu. Nyama iliyooza huko ni I70.26.

Herufi ni ileile na tarakimu ni zilezile, lakini mmoja anahitaji dawa, mazoezi ya kutembea na kuacha sigara, na mwingine huenda anasubiri kisu cha upasuaji. Orodha mbili zikichanganywa katika hospitali moja, hesabu ya mwisho haitakuwa ya Marekani wala ya Tanzania.

Kutokujua nako kuna namba

Usahihi haumaanishi kuandika namba ndefu kuliko zote. Kiharusi ni mfano mzuri. Kikitokana na ateri ya ubongo iliyoziba ni I63. Kikitokana na mshipa uliopasuka na kumwaga damu ndani ya ubongo ni I61. Kwa macho peke yake, hata daktari mzoefu hawezi kuwatenganisha wagonjwa hao kwa uhakika. Picha ya CT ndiyo inayoamua, na kipimo hicho hakipatikani katika kila hospitali ya wilaya.

Kwa mgonjwa ambaye hakupigwa picha hiyo, ICD-10 imeweka I64: kiharusi ambacho hakikuelezwa kama ni cha kuziba au cha kuvuja damu. Namba hiyo inasema kweli. Anayebahatisha I63 ili faili lionekane limekamilika hupotosha takwimu na pia humwachia daktari atakayempokea mgonjwa taarifa ya uongo, kwani dawa za kuzuia damu kuganda humfaa mmoja na zinaweza kumdhuru mwingine.

Kwa miguu, kipimo cha awali ni rahisi zaidi. Namba ya juu ya shinikizo la damu ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa ile ya mkono. Mwenye 84 kifundoni na 140 mkononi anapata 0.60. Jibu likiwa 0.90 au pungufu, ateri za mguu zina kasoro. Kinachohitajika ni mashine ya kawaida ya shinikizo la damu na kifaa kidogo cha Dopla cha kusikilizia mtiririko wa damu. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari ateri huwa ngumu kiasi cha kutobanika, na jibu huzidi 1.40. Hapo mgonjwa asiambiwe yu mzima. Atafutiwe kipimo kingine.

Mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa wa mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Mgonjwa wa moyo anayehitaji huduma ya juu zaidi huelekezwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini. Katika safari kama hiyo, karatasi ya rufaa ndiyo mdomo wa mgonjwa. Ikisema "kidonda cha mguu", atapangiwa foleni ya vidonda. Ikisema ateri ya mguu wa kulia imeziba ghafla tangu alfajiri, kila anayeisoma anajua kwamba saa inakwenda.

Kanda hii ina jambo jingine la kuangaliwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa iliyoongoza nchini. Kwa kuwa dawa za kufubaza virusi zimerefusha maisha, wengi wa watu hao sasa wanafikia umri wa maradhi ya mishipa, na VVU vyenyewe huongeza uwezekano wa maradhi hayo. Faili lenye VVU ukurasa wa kwanza lina kishawishi cha kuhesabu kila jambo chini ya VVU. Mgonjwa huyo ana haki ya kuandikiwa magonjwa yote mawili.

Hati ya kifo inavyosomwa

Kosa jingine hutokea mgonjwa akifariki. Fomu ya kimataifa ya sababu ya kifo ina mistari inayopangwa kama ngazi. Mstari wa juu hutaja kilichomuua mara moja, na ile ya chini yake hutaja kilichosababisha hicho, hadi kufikia chanzo. Takwimu za vifo huhesabu chanzo.

Kwa mzee aliyekufa kwa sumu ya bakteria katika damu iliyotokana na mguu uliooza, uliotokana na ateri kujaa utando, chanzo ni ateri. Sigara na shinikizo la damu huandikwa sehemu ya pili kama mambo yaliyochangia. Lakini mahali pengi duniani mistari hiyo hujazwa "moyo kusimama" na kuachwa hivyo. Moyo wa kila marehemu umesimama. Maneno hayo hayamfundishi mtu chochote.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) uliopitia vifo 247,976 katika hospitali 39 nchini kati ya mwaka 2006 na 2015. Magonjwa ya moyo na mzunguko wa damu yalishika nafasi ya tano, yakiwa asilimia 6.31. Ndani ya asilimia hiyo, mtafiti anaweza kutenganisha ateri zilizoziba na moyo uliochoka kwa kadiri tu ambavyo aliyejaza fomu alitenganisha.

Watu wakihesabiwa kwa uangalifu, yaliyofichika hujitokeza. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 uliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi hadi majumbani na kukuta wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Pasipo na utafiti wa namna hiyo, kumbukumbu za hospitali ndizo macho pekee ya serikali.

Macho hayo nayo yana ukungu wake. Ripoti za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, hutumia orodha fupi ya magonjwa, na yasiyo na mstari wake huingizwa katika makundi ya "mengineyo". Aidha, anayelinganisha miaka akumbuke kuwa Njombe ilikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, na Songwe sehemu ya Mbeya hadi mwaka 2016. Takwimu zinaweza kushuka bila mgonjwa hata mmoja kupona.

Fedha nazo

Kwa mwanachama wa bima, namba ya ugonjwa ni sehemu ya madai ya malipo. Mlipaji hulinganisha ugonjwa uliotajwa na vipimo na dawa zilizotolewa. Kipimo cha Dopla ya ateri na dawa ya kupunguza lehemu vinaeleweka chini ya I70.2, chini ya "maumivu ya mguu" vinazua maswali. Hospitali inayokatwa malipo kwa sababu hiyo imetoa huduma halali lakini imeshindwa kuieleza.

Suala hili linazidi kuwa nyeti baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kadiri wananchi wengi wanavyoingia katika bima, ndivyo bei, vitita vya huduma na ununuzi wa dawa vitakavyopangwa kwa kutazama namba hizi. Ugonjwa usiohesabiwa hautengewi fungu.

Nini kifanyike?

Kazi ya kwanza ni ya anayemwona mgonjwa. Badala ya kuandika "mishipa imeziba", aandike mambo manne: ni ateri au vena, iko wapi na upande upi, imeziba taratibu au ghafla, na pana kidonda au nyama iliyooza. Akiongeza chanzo, kama kisukari au ugonjwa wa moyo, mtunza kumbukumbu atakuwa na kila anachohitaji.

Kazi ya pili ni ya mtunza kumbukumbu. Aanze na faharasa ya kitabu, kisha ahakikishe namba katika orodha yenyewe, ambamo yameandikwa yanayojumuishwa na yanayoondolewa. Palipo na shaka, amrudie daktari na kumuuliza. Kompyuta, ikiwamo mifumo ya hospitali za serikali kama GoT-HoMIS, husaidia kutafuta, lakini haiwezi kujua kilichokuwa mguuni mwa mgonjwa.

Kazi ya tatu ni ya uongozi wa hospitali: kuchukua mafaili machache kila mwezi, kuyasoma upya na kulinganisha maneno ya daktari na namba iliyotolewa. Zoezi hilo halihitaji mfadhili.

Msomaji naye ana sehemu yake. Unapotoka hospitali, uliza ugonjwa wako unaitwaje na umeandikwaje, kisha tunza karatasi ya ruhusa. Mweleze daktari kama maumivu huja ukitembea na kutulia ukisimama; maneno hayo mafupi humwongoza kwenye ateri haraka. Kama una kisukari, omba miguu yako ivuliwe viatu na kukaguliwa kila uhudhuriapo kliniki. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, usingoje kupambazuke, wala usiukande kwa maji ya moto ukidhani ni baridi ya Mufindi au ya Rungwe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na utaje saa maumivu yalipoanza, ili nayo iandikwe.